Bitana ya Kabuti

Ng'ombe aliyeitwa Desi alikuwa na kiwele kilichovimba, na kila Nabalayo alipokigusa alirusha teke. Nabalayo hakumlaumu. Vidole vyake mwenyewe vilikuwa vimepasuka kwa baridi ya Dundori, na kopo la mafuta lililokaa juu ya boriti lilikuwa la chuchu za ng'ombe, si la mikono ya watu. Mkamuaji aliyeonekana akijipaka alirudishwa kulima viazi.

Mvua ya masika ilikuwa ikipiga mabati tangu jana. Chini ya ng'ombe wa pili, Wangeci alikuwa amebana ndoo kwa magoti, paji la uso likiegemea ubavu wa ng'ombe. Alikuwa akikamua kwa kasi kama mtu anayegombana.

"Huyu wako anakupiga kama amekuoa," Wangeci akasema.

"Anaumwa."

"Hata bwana yangu alikuwa anasema hivyo. Anaumwa kichwa, anaumwa serikali." Akacheka kidogo. Mumewe alikuwa kizuizini huko jangwani, mwaka wa tatu sasa, na hakuna aliyejua kama bado alikuwa na kichwa cha kuumwa.

Nabalayo alisubiri Kiptanui, nyapara wa banda, atoke na mtungi wa maziwa uliojaa. Ndipo akasema kwa sauti ya chini, "Jumapili nilishuka Nakuru kwa ibada. Mama Edith, yule bibi Mzungu wa ibada yetu, alitueleza habari ya bomu."

"Bomu gani? La msituni?"

"Kubwa kuliko hayo. Waingereza wanataka kulilipua mbali baharini, mwezi huu huu. Anasema vumbi lake linapanda juu mawinguni, linazunguka dunia, halafu linashuka na mvua. Mvua inanyeshea majani. Ng'ombe anakula majani. Sumu inaingia kwenye maziwa, na mtoto akinywa, inakaa kwenye mifupa."

Mikono ya Wangeci ilisimama. Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo sauti ya maziwa kwenye ndoo yake haikusikika.

"Mimi mabomu nayajua," akasema. "Ndege zilipokuwa zikipita hapa kwenda Nyandarua, sufuria zilikuwa zinatetemeka kwenye rafu. Ndugu yangu alikuwa huko ndani. Tulikuwa tunahesabu, tunasema, hilo halikumpata, hilo halikumpata." Akaanza kukamua tena. "Sasa mnataka kuniambia hata maziwa."

"Mama Edith anasema wanawake wa Ulaya wamekataa. Jumapili ijayo watatembea mjini kwao, kimya, kila mmoja na kitambaa cheusi. Kuomboleza kabla ya kufa. Mimi nimefikiri na sisi tusimame."

"Tusimame wapi, dada? Hapa hata kusimama ni kosa."

"Tusimame tu. Hakuna kusema, hakuna wimbo. Vile sisi wa Kanisa la Marafiki tunaomba."

Wangeci alikuwa amewahi kwenda kwenye ibada ya Nabalayo mara moja na kurudi akilalamika. Hakuna mhubiri, alisema, hakuna ngoma, watu wamekaa kama wamekosana. Lakini sasa hakutania. Mlangoni mwa banda, chini ya gunia alilofunikwa kichwani, binti yake Wachuka alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akingoja kikombe chake cha maziwa yaliyokwisha kuondolewa siagi. Hayo ndiyo waliyopewa watoto wa vibarua, wao na nguruwe wa Bwana mwenye shamba.

"Inakaa kwenye mifupa?" Wangeci akauliza.

"Ndivyo alivyosema."

"Basi nitasimama."

*

Kitambaa cheusi hakikuwepo. Maduka ya Wahindi yalikuwa Nakuru, yakifungwa Jumapili, siku pekee ya Nabalayo kushuka, na Wangeci hangeweza kushuka huko bila pasi ya serikali. Nabalayo alifungua sanduku la bati na kutoa kabuti la marehemu mume wake, Micah, alilorudi nalo kutoka vitani Bama. Micah alirudi na kabuti, kikohozi, na tabia ya kukaa akitazama ukuta. Siku moja tu ndiyo aliyosema neno juu ya vita. Alisema alikuwa kwenye meli walipoambiwa kwamba miji miwili ya Wajapani imechomwa kwa bomu moja moja, na askari wote wakashangilia, na yeye akashangilia, na mpaka leo hajui alikuwa akishangilia nini. Kikohozi kilimmaliza mwaka uliofuata. Watoto wawili aliomwachia Nabalayo walimfuata, mmoja kwa surua, mwingine kwa baridi.

Bitana ya kabuti ilikuwa nyeusi, ya kung'aa. Nabalayo aliifumua kwa ncha ya kisu, mshono kwa mshono, akaikata vipande vyembamba.

Jumapili mchana, kazi ya asubuhi ilipokwisha, wanawake saba walisimama kwenye uwanja mdogo wa bomba la maji, kati ya banda la maziwa na kambi ya vibarua. Jerop, mkamuaji mwenzao, alikuja na dada yake. Wengine walitoka nyumba za upande wa chini. Wangeci alikuwa Mkikuyu peke yake. Wengine wote wa kwao walikuwa wamefukuzwa shambani mwanzoni mwa Hali ya Hatari. Yeye Bwana alimbakiza kwa sababu mikono yake ilikuwa ikimtoa ng'ombe maziwa kuliko mikono yoyote. Walifunga vitambaa kwenye mkono wa kushoto. Walisimama mduara, kwa kuwa upepo ulikuwa mkali na mduara ulikinga watoto.

"Hatusemi mpaka mwisho," Nabalayo aliwaambia. "Hata mtu akija. Kwetu, kimya kikivunjwa katikati, sala imevunjika. Mwisho wake ni mimi kumpa mkono jirani yangu, naye ampe wa pili, mpaka uzunguke. Ndipo tunasema."

Wakanyamaza. Mawingu yalikuwa yamekaa chini, juu ya mashamba ya viazi. Ziwa la Nakuru lilionekana mbali bondeni kama bati lililoachwa nje. Nabalayo alifumba macho. Alimfikiria mama asiyemjua, ng'ambo, na kitambaa kama hiki, akitembea barabarani. Alisikia Jerop akivuta kamasi. Alisikia buti kwenye matope.

Alikuwa Ngigi, gadi Mkikuyu aliyewekwa na serikali kwenye lango la kambi, na bunduki yake.

"Mnafanya nini hapa?"

Hakuna aliyejibu.

"Nauliza. Nyinyi wamama, mnafanya nini?"

Wangeci alimtazama Nabalayo. Nabalayo hakufumbua macho. Mara nyingi baadaye angejiuliza kwa nini hakufumbua macho, kwa nini hakusema tu, tunaomba, Ngigi, nenda zako. Lakini kimya kilikuwa kimeshikana vizuri, kizito, kama maziwa yanavyoanza kuganda kwenye kibuyu, na hakutaka kukitikisa.

"Wangeci!" Ngigi akapaza sauti, sasa kwa Kikuyu, kisha kwa Kiswahili tena ili wote wasikie. "Kitambaa cha nini hicho? Nani amewafunga?"

Nabalayo aliona kwamba wakati umefika. Akageuka upande wake wa kulia, akampa Wangeci mkono. Wangeci akaupokea kwa mikono miwili, akampa Jerop. Mkono ukazunguka, mtu kwa mtu, kimya, mbele ya macho ya Ngigi, ambaye alikuwa amerudi hatua nyuma na kuinua bunduki.

"Sasa Ngigi," akasema Nabalayo, "tunaweza kukujibu."

Ngigi alikuwa tayari amepuliza filimbi.

*

Bwana DO, ofisa Mzungu wa wilaya, alikuwa kijana. Ndevu zake zilikuwa bado hazijaamua kuota. Jumanne hiyo alikaa nyuma ya meza kwenye ghala la magunia, ambapo watu walichujwa kutafuta Mau Mau, na mbele yake palikuwa na vipande saba vya bitana, vimepangwa sambamba. Wanawake wengine watano alikwisha kuwaachilia kwa onyo. Wangeci alikuwa nje, ndani ya ua wa seng'enge, pamoja na mtoto.

"Mimi hapana gombana na wewe," DO alimwambia Nabalayo. "Wewe mtu ya Kavirondo, kule magharibi. Wewe hapana Mau Mau. Lakini hii Wangeci, yeye Kikuyu. Gadi naona mduara. Naona kitambaa. Nauliza mara mingi, wote nyamaza. Halafu wote nashika mkono. Hii ni kiapo."

"Si kiapo, Bwana. Ni sala. Ni mimi niliyewaita. Tulikuwa tunaomba bomu lisilipuliwe."

"Bomu gani?"

"Lile la baharini. Wanawake wa kwenu pia wamesimama. Siku hiyo hiyo."

DO akafanya jambo ambalo Nabalayo hakulitarajia: akavuta gazeti kutoka chini ya kofia yake, akalikunjua. Palikuwa na picha. Mvua ilikuwa ikinyesha huko pia. Wanawake wengi, wengine na miavuli, wengine wakisukuma watoto kwenye vigari, wote na kitambaa cheusi. Mbele yao polisi aliyevaa kofia ndefu alikuwa ameinua mkono kusimamisha magari ili wapite.

"Ni hao," Nabalayo akasema. "Ni hao, Bwana! Sisi tulifanya kama hao."

"Hao ni hao." DO alilikunja gazeti taratibu, akalirudisha chini ya kofia. "Sasa sikia. Mimi nataka saidia wewe. Kama hapana kiapo, shika Biblia, apa kwa Mungu, sema, hapana kiapo. Mimi naandika. Wangeci narudi kwa ng'ombe. Kwisha."

Biblia ilikuwa pale, yenye jalada lililochakaa kwa mikono. Nabalayo alitazama mikono yake mwenyewe.

"Bwana, kwetu hatuapi."

"Nini?"

"Sisi Marafiki. Bwana Yesu alikataza, imo humo humo ndani ya kitabu. Mtu aseme ndiyo, iwe ndiyo. Akiapa, ni kama kusema siku nyingine huwa anadanganya. Nakuambia kweli, Bwana. Haikuwa kiapo. Ndiyo yangu ni hiyo."

DO aliegemea nyuma, kiti kikalia. Alianza kucheka, si kwa ubaya, kama mtu aliyeona mbwa akitembea kwa miguu miwili.

"Mimi natafuta kiapo miaka tatu," akasema. "Sasa mtu moja anakuja, nataka yeye apa, anasema hapana. Basi. Kesho asubuhi lori nakwenda kizuizini. Wewe fikiri mpaka kesho."

*

Wangeci alikuwa amekaa juu ya jiwe, mgongo ukielekea mvua, Wachuka amelala ndani ya khanga yake. Askari alimruhusu Nabalayo asogee mpaka kwenye seng'enge.

"Amesema niape," Nabalayo alinong'ona. "Niape kwamba haikuwa kiapo."

"Basi apa."

"Wangeci..."

"Apa. Unangoja nini?"

"Unajua imani yetu. Mume wangu alipokufa, hata mbele ya hakimu wa mirathi sikuapa. Nikiapa, nimetoka."

Wangeci alisimama. Alikuja mpaka sura zao zikakaribiana, waya katikati. Hakupaza sauti.

"Sikiliza, dada. Usiku mmoja watu walinitoa kitandani, wakanilisha kiapo, panga shingoni. Mwaka uliofuata serikali ikanichukua mchana, ikanilisha kingine cha kunitakasa, bunduki mgongoni. Hakuna aliyeniuliza imani yangu. Tumbo langu limejaa viapo vya watu. Wewe unashindwa na kimoja?"

Nabalayo alishika waya. Ulikuwa baridi.

"Mungu wako atakusamehe," Wangeci akasema. "Si ndiyo kazi yake? Hawa hawasamehi. Mimi nilisimama kwa ajili yako. Nikanyamaza kwa ajili yako, Ngigi ananiita kwa jina na mimi nimenyamaza kama kinyago, kwa sababu ulisema sala itavunjika." Mtoto alijipindua usingizini. "Sasa vunja yako."

*

Asubuhi Nabalayo hakukamua. Alisimama mlangoni mwa ghala mpaka DO alipomaliza chai yake.

"Nitaapa," akasema.

Alishika Biblia kwa mkono wa kulia. Akarudia maneno ya karani, neno kwa neno, mpaka mahali pa kusema Mungu anisaidie, ambapo ilibidi aanze tena. Akasema kwamba haikuwa kiapo. Akasema kwamba Wangeci hana hatia. Alipoweka kitabu mezani, kiganja chake kiliacha alama ya unyevu juu ya jalada, na alama hiyo ikakauka wakitazama.

DO alikuwa ameacha kuandika.

"Jana wewe nasema nini?" akauliza.

"Bwana?"

"Jana. Wewe nasema, sisi hapana apa. Nasema Yesu nakataza. Kweli au uongo?"

"Kweli, Bwana."

"Leo wewe naapa."

"Kwa sababu wewe ulisema, Bwana. Ulisema nikiapa atarudi."

"Mimi nasema kama hapana kiapo." Alikuwa akizungumza polepole, kwa upole, kama mwalimu. "Mtu kama wewe, jana kiapo ni dhambi, leo kiapo ni sawa, kwa sababu ya rafiki. Sasa mimi nauliza. Kwa rafiki huyu wewe naweza vunja dini. Hapana weza danganya?"

Nabalayo alifungua kinywa. Hakukuwa na neno lililobaki lenye nguvu kuliko lile alilokwisha kulitoa.

"Ndiyo yangu, Bwana," akasema, "ni ile ya jana."

"Jana nakwisha," DO akasema, na akampa karani ishara.

Lori lilikuwa limewashwa. Walipomtoa Wangeci uani alikuwa na Wachuka mgongoni, na askari hakumkataza. Wanawake wengi walikwenda na watoto wao. Ni Wangeci mwenyewe aliyesimama nyuma ya lori, akafungua khanga, akamshusha mtoto.

"Kule watoto wanazikwa," akamwambia Nabalayo. Hakuwa amemuuliza kilichotokea ndani. Alikwisha kukisoma usoni. "Mchukue. Anapenda maziwa yawe na vuguvugu. Akilia usiku usimwimbie, mkune mgongo."

"Wangeci, niliapa. Nimeapa kabisa."

"Najua, dada." Akapanda. Alitafuta mahali pa kushika kati ya wanawake wengine waliokwisha kujaa humo. Lori lilipoanza kutikisika kuelekea barabara ya chini, alitazama banda la maziwa, si watu. "Mwambie Kiptanui yule mwekundu asikamuliwe na mtu mwenye kucha," akapaza sauti. "Atazuia maziwa!"

*

Mama Edith alipanda Dundori siku ya nne baada ya ile sala. Alizuiwa langoni, kwa hiyo walizungumza barabarani, mwavuli mmoja juu ya vichwa vyao viwili. Nywele zake nyeupe zilikuwa zimelowa, na alimsikiliza Nabalayo mpaka mwisho bila kumkatiza, kama walivyozoea.

"Lakini iko sheria," akasema. "Nabalayo, iko sheria ya zamani sana. Rafiki haapishwi. Anatoa neno lake tu mbele ya hakimu, na linapokelewa sawa na kiapo. Yule kijana anajua. Lazima anajua."

"Haikuwa mbele ya hakimu," Nabalayo akasema. "Ilikuwa ghalani."

Mama Edith alianza kulia. Alisema ataandika kwa wakubwa. Alisema atapeleka habari London. Nabalayo alimshika mkono mpaka alipotulia, kwa sababu ilikuwa dhahiri kwamba mzee huyu hakuwa amezoea mambo haya.

"Jumapili utakuja?" Mama Edith akauliza.

Nabalayo hakujibu. Hakikuwa kimya kile cha ibada.

Jioni hiyo, kwenye ukamuaji wa pili, Kiptanui aliingia bandani akipangusa mvua usoni. Alikuwa ametoka kupeleka krimu jikoni kwa Memsaab, mke wa Bwana, na redio ilikuwa imewashwa.

"Bomu lenu limelia," akasema. "Huko baharini. Bwana amefungua chupa. Wanasema limekwenda vizuri." Alingoja mtu acheke. Jerop alijifanya hakusikia. Kiptanui akakohoa, akageuka kwa Nabalayo, sauti imeshuka. "Na huyu mtoto, mama, sikiza. Hayuko kwa hesabu ya kambi. Mama yake ameondolewa, na yeye ameondolewa. Kikombe chake siwezi kumpa. Ningeweza ningempa."

"Nimesikia."

"Si mimi."

"Nimesikia, Kiptanui."

Alipotoka na mtungi, Nabalayo alimwita Wachuka kwa kidole. Mtoto alikuja akiburuta kabuti la Micah juu ya mabega, zito, refu, limechakaa. Bila bitana lilikuwa likipitisha baridi yote, na alikuwa akitetemeka ndani yake. Nabalayo alimketisha kwenye majani makavu, kati ya magoti yake na ubavu wa yule ng'ombe mwekundu wa Wangeci, mahali ambapo mtu akichungulia mlangoni hangemwona.

Nje mvua ilikuwa inanyesha juu ya malisho, mvua nzuri, ya kunenepesha nyasi. Ng'ombe alikuwa amelishwa nyasi hizo zikiwa bado na maji. Alitafuna. Taya lake lilikwenda upande huu, likarudi, na majani yakatoa sauti ndogo ya kulowa.

Nabalayo alishika chuchu. Alitazama mikono ya mtoto ilivyotoka kwenye mikono mirefu ya kabuti, myembamba, mifupa ikionekana chini ya ngozi kama vijiti ndani ya mfuko. Alikaa hivyo mpaka ng'ombe akageuza shingo kumtazama.

Kisha akakamua. Maziwa yalipiga kifuniko cha mtungi, meupe, ya moto, yakatoa mvuke. Akayapuliza. Akamshikia mtoto kifuniko mdomoni, na Wachuka akanywa bila kupumua, macho juu ya kingo, mpaka chini.

"Ingine," akasema.